DNA ya Kale na Uhamaji wa Watu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Vyungu vya mtindo mpya vikionekana, watu wapya wamehamia.

Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Vyungu vyenye umbo la kengele vilienea katika Ulaya magharibi na kati yapata miaka 4,500 iliyopita, na kwa muda mrefu wanaakiolojia walibishana iwapo vilisafiri na watu au na ufundi tu. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2018 ulizipa haki pande zote mbili. Waliozikwa na vyungu hivyo katika rasi ya Iberia (Hispania na Ureno za leo) hawakuwa na unasaba wa karibu na wenzao wa Ulaya ya kati, kwa hiyo kati ya maeneo hayo kilichoenea zaidi kilikuwa desturi. Uingereza ilikuwa kinyume: huko vyungu vilifika pamoja na wenyewe, na katika karne chache takriban asilimia 90 ya nasaba ya wakazi ikawa ya wageni. Vigae peke yake visingeweza kuonyesha tofauti hiyo.

Dhana: Badiliko kubwa kiasi hicho ni ushahidi wa mauaji.

Asilimia ya nasaba haielezi watu walikufaje, wala kama walikufa kabla ya wakati wao. Tofauti ndogo ya uzazi ikiendelea kwa vizazi vingi hubadili jamii nzima.

Dhana: DNA ya watu wa leo inatosha kueleza waliohamia zamani.

Katika mji wa Wafilisti wa Ashkeloni, kwenye pwani ya Israeli ya leo, watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba mwanzoni mwa Enzi ya Chuma, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walikuwa na nasaba inayohusiana na Ulaya. Mifupa ya karne mbili hivi baadaye haionyeshi tena dalili hiyo, kwa kuwa wageni walikwisha kuchanganyika na wenyeji. Safari ya namna hiyo haionekani kwa kuwapima walio hai.

Dhana: Mfupa wowote wa kale una DNA.

Joto na unyevu huiharibu upesi, ndiyo maana watafiti hupendelea mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Mifupa ya pango la Mota, Ethiopia, yenye umri wa miaka 4,500, ilihifadhika kwa ubaridi wa nyanda za juu. Sampuli nyingi hutoka nchi za baridi, na uchache wake katika tropiki usidhaniwe kuwa ni uchache wa safari.