Mwaka Kogwa kwenye televisheni: dhana potofu na ukweli

Ikikaribia Julai, naulizwa tunakwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, na kamera ngapi kurikodi Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko. Bado sijaulizwa tunakwenda na maiki ngapi. Basi niyaweke sawa machache kuhusu vipindi vya mila vya mkoani, kwa mfano ninaoujua.

Dhana: Sherehe ni nzuri yenyewe, wewe fika urikodi tu.
Mwaka Kogwa hauna "rudieni tena". Kibanda cha makuti kikitiwa moto, kama mila inavyotaka, aliyemo ndani anachomoka, na makuti makavu hayangoji mtu abadilishe betri. Ukikosa, umekosa hadi mwakani. Kazi kubwa huwa imefanyika siku kadhaa nyuma: kuripoti kwa sheha (kiongozi wa serikali wa eneo), kukaa na wazee, kujua vijana wa pande mbili wanaopigana kwa migomba, nayo ni sehemu ya mila, wataingilia wapi. Halafu upepo. Julai ni kusi. Ukijipanga upande usio wako, kipindi kizima ni moshi.

Dhana: Tarehe hufuata mwandamo wa mwezi, kama Idi.
Hapana. Huu ni mwaka wa jua, Nairuzi, wenye siku 365, ambao wakulima na mabaharia wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumikumi. Ndiyo maana haukimbii Julai, na ndiyo maana mtayarishaji anayeomba gari wiki ya mwisho hana udhuru.

Dhana: Televisheni ni picha.
Hii imeniponza mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliacha hedifoni ofisini. Wanawake walipita na nguo zao mpya wakiimba, nami nikawafuata kwa kamera nikijiona fundi. Kwenye chumba cha uhariri nikasikia nilichorikodi: jenereta la muuza juisi. Midomo inafunguka, mafumbo yanatupwa, mtazamaji anasikia drrrrr. Nikafunika kwa muziki wa taarabu. Kipindi kiliporuka, wanawake wale walinuna, na walikuwa na haki: nyimbo zile ndizo zilizokuwa na maneno, nami niliwaonyesha kama watu wanaotafuna hewa.

Tangu hapo mtu mmoja kazi yake ni sauti tu. Maiki inavishwa manyoya ya kuzuia upepo, inasogezwa kwa mwimbaji (ile iliyo juu ya kamera husikia kila kitu, maana yake haisikii kitu), na kabla ya kuondoka tunarikodi dakika moja ya uwanja bila mtu kuhojiwa. Dakika hiyo humwokoa mhariri kila anapounganisha vipande. Picha iliyotikisika mtazamaji huivumilia. Sauti mbovu anabadilisha chaneli.

Dhana: Kilicho hadharani ni cha bure.
Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi. Zanzibar ina sheria yake ya 2003. Kenya ilipitisha 2016 sheria maalumu ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Lakini hata bila karatasi, mzee akikwambia hapa zima, unazima. Mimi huzima na kugeuzia lenzi chini, aone.

Dhana: Kipindi cha mkoani ni cha daraja la pili.
Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja vituo vyake hadi miaka ya 1990. Udogo wa eneo haupunguzi kazi, unaiongeza. Kwenye kipindi cha taifa ukikosea jina, pengine hakuna atakayejua. Huku ukiandika "Kijini" chini ya uso wa mtu wa Nganani, zote sehemu za Makunduchi, simu zinaanza kabla tangazo la kwanza halijaisha, na anayepiga ni shangazi yake.