Viatu vya Kusimamia Kutwa: Usianze na Ulaini

Mwalimu mmoja aliniletea viatu vyake vyeusi vya kufunga kamba, alivyokuwa amevivaa wiki sita tu. "Fundi, niongezee sponji humu ndani. Ikifika adhuhuri nyayo zinawaka moto." Kabla sijagusa sponji, nilichomoa soli ya ndani ya kiatu cha kulia nikaisogeza mwangani. Alama ya kisigino ilikuwa mahali pake, nyeusi na ya mviringo. Ya kidole gumba nayo ilionekana vizuri. Lakini upande wa nje, palipostahili kuwa na alama ya kidole kidogo, hapakuwa na kitu. Ukingo wa soli peke yake ndio uliosuguliwa hadi ukang'aa. Kidole kile kilikuwa hakikai juu ya soli kabisa. Kilipanda ukingoni kikaegemea ukuta wa kiatu, saa zote ambazo mwalimu alisimama ubaoni.

"Mwalimu, nikiweka sponji, mguu utainuka na kiatu kitazidi kukubana," nilimwambia. "Tatizo lako ni upana."

Wahudumu wa hoteli, makarani wa kaunta, walinzi, wauzaji wa dukani, karibu wote wanaosimama kutwa huja kwangu wakiomba ulaini. Nawaelewa, kwa sababu maumivu wanayasikia chini, na chini ndiko wanakotaka kuweka mto. Lakini kwa miaka yote niliyokaa na viatu mikononi nimeona kwamba mtu wa kusimama anahitaji kwanza umbo linalolingana na mguu wake. Ulaini unafuata baadaye, tena kwa kiasi.

Kusimama si kutembea. Ukitembea, mguu mmoja unabeba huku mwingine ukipumzika, na misuli ya shavu la mguu inajibana na kulegea. Kila inapojibana husukuma damu irudi juu kuelekea moyoni. Ukisimama palepale, msukumo huo unapungua sana. Damu na majimaji vinatuama miguuni, mguu unavimba, na kiatu kilichokuenea asubuhi kinakubana alasiri. Wakati huohuo uzito wa mwili umekaa juu ya sehemu zilezile za unyayo bila kuhama. Ile sponji iliyobonyea vizuri ulipoijaribu kwa kidole dukani, ikilemewa hivyo saa nane mfululizo, inalala bapa. Zile nene sana huleta jambo jingine: mguu unayumba juu yake, na misuli midogo ya unyayo na ya kifundo inafanya kazi bila kupumzika ili usipepesuke. Ndiyo maana unaweza kuvaa kiatu laini kama godoro ukarudi nyumbani hoi kuliko mwenzako aliyevaa kiatu kigumu kidogo kilichomkaa sawasawa.

Tuje kwenye kipimo, na hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33, na kwa watu wengi wa kushoto haulingani kabisa na wa kulia. Namba ya kiatu inakueleza urefu tu. Katika vipimo vya Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni thuluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7. Katika vipimo vya Uingereza ni thuluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5. Hakuna popote kwenye "42" panapotaja upana. Viwanda vichache huongeza herufi ya upana, vingi hushona upana mmoja basi. Mwenye mguu mpana anafanyaje? Anapanda namba. Vidole vinapata nafasi, lakini kisigino kinapwaya na, baya zaidi, kiatu kinaanza kukunjika mahali pasipo pake.

Mguu hukunjika kwenye mstari wa vifundo vya vidole, pale unapopanuka kuliko kwingine kote. Kiatu nacho kina mahali pake pa kukunjikia, palipoamuliwa na foroma, lile umbo la mfano wa mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Mistari hiyo miwili ikipishana, sehemu pana ya mguu inakaa kwenye sehemu nyembamba ya kiatu, na upinde wa unyayo unaning'inia bila cha kuushikilia. Watu wawili wenye urefu uleule wa mguu, mmoja mwenye vidole virefu na mwingine mwenye vidole vifupi, wana vifundo mahali tofauti. Mmarekani Charles Brannock alilizingatia hilo miaka ya 1920 alipobuni kile kipimo cha chuma ambacho maduka mengi ya viatu duniani yamekitumia tangu hapo. Kinapima vitu vitatu: kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, kisigino hadi kifundo cha kidole gumba, na upana. Ukikikuta mahali, omba upimwe miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwani mguu uliobeba uzito hurefuka na kutanuka. Urefu wa kifundo ukikupa namba kubwa kuliko urefu wa vidole, anza kujaribu na hiyo kubwa.

Usipokikuta, macho yako yanatosha. Nenda dukani alasiri au jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na uvae soksi zilezile za kazini. Chomoa soli ya ndani ya kiatu unachokitaka, iweke sakafuni, simama juu yake. Nyama ya mguu isimwagike nje ya ukingo. Mbele ya kidole kirefu, ambacho kwa watu wengi ni gumba na kwa wengine ni cha pili, pabaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Soli ikiwa imegandishwa kwa gundi, chora mguu wako kwenye karatasi nyumbani, ukate mchoro, uje nao dukani na kuupachika chini ya kiatu. Karatasi ikichungulia pembeni, kirudishe kiatu kwenye kabati hata kama umekipenda vipi. Na ukiambiwa "kitatanuka tu," jua kwamba ngozi halisi hutanuka kidogo kwa upana, urefu hauongezeki, na ngozi nyingi za bandia hazitanuki kwa lolote la maana.

Kuhusu kamba. Mtindo uitwao Oxford una mbawa za kamba, vile vipande viwili vyenye matundu ya kamba, zilizoshonewa chini ya ngozi ya mbele, hivyo mbawa zinakutana na kujifunga. Unapendeza sana na suti, lakini mguu ukivimba hauna pa kwenda. Mtindo wa Derby una mbawa zilizoshonewa kwa juu, zikiwa huru kufunguka, na ukifika mchana unalegeza kamba kidogo ukaendelea na kazi. Kwa anayesimama, hasa mwenye mgongo wa mguu ulioinuka, mimi huchagua Derby bila kusita. Viatu vya kutumbukiza mguu, visivyo na kamba, vinaushika mguu kwa kuubana tu. Vidole vinajikunja kutwa nzima kukizuia kiatu kisichomoke, na mwenyewe hajui kwa nini amechoka.

Kabla hujalipa, kishike kiatu mkononi. Kunja ncha kuelekea kisigino: kikunjike mbele tu, penye vifundo vya vidole. Kikikunjika katikati, hakina uti, ule utepe wa chuma, mbao au plastiki ngumu unaofichwa kati ya kisigino na sehemu pana. Kisha kisokote kama unakamua nguo. Kiatu cha kusimamia kinapaswa kukataa. Mwisho bonyeza ukuta wa nyuma kwa vidole viwili, na ukibonyea kama karatasi, kisigino chako hakitapata wa kukishika.

Soli ya ngozi tupu ni ya kupendeza na hupumua, ila kwenye vigae vyenye maji inateleza, na juu ya sakafu ya zege inakupa ugumu mtupu. Mpira wa unene wa wastani unafaa zaidi. Viatu vilivyoshonwa kwa mkanda wa ngozi unaozunguka soli, ushonaji unaobeba jina la Goodyear, ni vizito na vigumu mwanzoni. Katikati yake mara nyingi hujazwa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na baada ya wiki kadhaa linabonyea kufuata unyayo wako na kubaki hivyo. Mimi naita huo ndio ulaini wa kweli, kwa kuwa umetengenezwa na mguu wako mwenyewe. Tena soli ikilika, fundi anaibandua na kushona nyingine.

Tahadhari moja kuhusu soli za poliyurethini, zile nyepesi zenye uhai. Hufyonza unyevu wa hewa polepole na kuoza kwa ndani, hata zikiwa ndani ya boksi. Nimepokea viatu vilivyotunzwa miaka mingi kwa ajili ya siku maalumu, vinang'aa juu, na mwenyewe alipovivaa soli zikamumunyuka kama keki kavu. Ukiwa na viatu vya aina hiyo, vivae.

Kisigino cha kiatu kisiwe sifuri. Kiatu kilicho bapa kabisa huvuta ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo na utando wa unyayo. Sentimita 2 hadi 3 zinawafaa watu wengi, wanaume kwa wanawake. Mchuchumio humwaga uzito mbele kwenye vifundo vya vidole, na kadiri unavyopanda ndivyo mzigo unavyohamia huko. Dada anayelazimika kuuvaa kazini atafute kisigino kinene, ncha ya mviringo, na mkanda unaopita juu ya mguu ili usiteleze mbele.

Viatu vipya vivae nyumbani saa moja, kesho saa mbili, kabla ya kuvipeleka zamu nzima. Uwe na jozi mbili za kupokezana, kwa sababu ngozi iliyokunywa jasho la kutwa haikauki usiku mmoja, na ngozi yenye unyevu hulegea na kupoteza umbo. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asitegemee kusikia kiatu kinapombana. Aingize mkono ndani apapase kabla ya kuvaa, na kila jioni akague nyayo zake. Na kisigino kinachouma kwa hatua za kwanza unapoamka asubuhi, wiki baada ya wiki, kipeleke kwa daktari kabla hujaja kwangu.

Viatu vya yule mwalimu niliviweka kwenye foroma ya kutanulia siku mbili, nikapata upana kidogo wa kumvusha hadi mwisho wa mwezi. Kisha akanunua Derby za foroma pana, urefu uleule, sponji nyembamba tu. Alizivaa mwezi mmoja, akapita karakana jioni akitoka kazini, akavua kimoja, akachomoa soli ya ndani mwenyewe na kunikabidhi niisome. Vidole vitano, vyote ndani ya ukingo.