Sumaku haikuambii kama reli itahimili bahari

"Nimeweka sumaku, hainasi, basi ni stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya baharini." Hapa Unguja, kuanzia Nungwi hadi Jambiani, wenye reli za baraza hawaachi kuyasema haya, na ndiyo yanayowatia hasara kuliko mengine yote.

Sumaku huhisi mpangilio wa atomi. Habari ya chumvi haiijui. Stenlesi ina madaraja yanayotajwa kwa namba, na 316 ndilo liitwalo la baharini. Daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi na ndilo linaloshika kutu mapema, halinasi. 304 hainasi, 316 hainasi. Tena 304 nzuri ikikunjwa bila moto, penye kona huanza kuvutwa kidogo, na mteja anaikataa bure! Cha kutafuta ni molibdenamu, metali inayochanganywa ndani ya stenlesi: 316 ina asilimia 2 hadi 3, 304 haikutiwa. Dai cheti cha kiwandani, au fundi apime kwa matone ya dawa ya kupimia molibdenamu mbele yako kabla bomba halijakatwa.

Kwa nini molibdenamu? Stenlesi inalindwa na utando wa oksaidi ya kromiamu, unene wake nanomita chache tu. Kaskazi na kusi zinapovuma huleta kloraidi, sehemu ya chumvi ya bahari, nayo huutoboa utando pale ulipo dhaifu. Ndani ya kitobo, ayoni (chembe zenye chaji) za metali huvuta kloraidi nyingine, maji yanageuka asidi, na shimo linajichimba lenyewe. Juu unaona doa la rangi ya chai, dogo kama kichwa cha pini. Chini yake bomba la milimita 1.2 huenda limeshatoboka. Molibdenamu huchelewesha hayo, haiyazuii milele.

Kwa hiyo "316 haioshwi" nalo si kweli. Ioshe kwa sabuni na maji ya mfereji, kila wiki panaporukiwa na mawimbi. Maji ya kisima cha chumvi hayafai, yakikauka yanaacha kloraidi ileile. Na anzia chini ya paa: palipo wazi mvua ya masika huosha, palipositirika chumvi hujilundika.

Doa lisisuguliwe kwa stilwaya. Vipande vyake hubaki na kuota kutu. Dawa ya klorini ndiyo mbaya zaidi. Tumia pedi ya nailoni.

Rangi ya buluu kando ya weldi si urembo. Hapo kromiamu imepungua, na shimo la kwanza litaanzia hapo. Fundi aiondoe kwa pesti ya asidi, asuuze vizuri, na diski yake ya kusagia isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida.