Nusu kaputi na akili za mtoto: maswali ya wazazi

Niko wodi ya watoto hapa Dodoma. Wazazi kutoka Bahi, Kongwa na Mpwapwa huniuliza haya, na wengi huniuliza wakiwa wamechelewa.

Nusu kaputi ni nini?
Dawa ya usingizi, ya kuvuta au ya sindano. Mtoto hasikii maumivu. Ikisitishwa, anaamka.

Inaharibu akili?
Kwa upasuaji mmoja mfupi, hapana. Watoto wachanga wa nchi 7 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri (utumbo unaoshuka na kutokeza uvimbe kinenani) walipimwa wakiwa na miaka 5, majibu yakatoka 2019: waliolazwa kwa nusu kaputi kwa muda usiofika saa moja walikuwa sawa na waliochomwa ganzi tu. Tahadhari iliyotolewa Marekani 2016 inahusu walio chini ya miaka 3 wanaopewa nusu kaputi kwa zaidi ya saa 3, au mara nyingi.

Basi tusubiri akue?
Hapana. Nasema tena, hapana. Nilimpokea mtoto wa miezi 8 aliyekuwa amepangiwa upasuaji wa ngiri miezi mitatu nyuma; nyumbani wakasema atarudi zezeta. Mama alipofungua kanga, kinena kilikuwa kigumu kama kokwa la embe, mtoto anatapika kijani, na tumboni ana chale mbichi. Utumbo ukinaswa hivyo damu haipiti, unaoza. Chale haziutoi.

Mbona alipoamka alirusha mateke, hata mimi hanijui?
Hutokea sana kwa wa miaka 2 hadi 5. Si jini. Mshike asianguke, mwite jina lake taratibu. Kwa kawaida ndani ya nusu saa anatulia.

Nyumbani anakojoa kitandani, anaweweseka, haniachi.
Ni hofu na maumivu aliyopitia. Wengi huacha ndani ya wiki mbili. Tafadhali, msimchape! Ukipita mwezi, mrudisheni.

Kwa nini anyimwe uji?
Chakula ni mwisho masaa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama masaa 4 kabla. Bibi zangu, shikamooni, nawaomba: msimpe kwa siri. Akitapika usingizini, uji unaingia mapafuni, anakosa hewa. Ubongo uliokosa hewa ndio unaoharibika.

Uvimbe wa ngiri unarudi ndani akilala. Bado nimlete?
Mlete. Huo ndio wakati salama wa kumpasua. Siku uvimbe usiporudi ndani, analia na kutapika, usiukande, usimpe chochote mdomoni. Tafuteni usafiri mje saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku.