Ubora wa Skuli ya Msingi: Unapimwa kwa Nini Hasa?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka hapa Zanzibar, mazungumzo ya barazani huwa mafupi. Skuli fulani imepasisha, skuli fulani imeanguka. Asilimia zinatajwa kama magoli ya mpira, na haupiti muda utasikia mzee anatafuta uhamisho wa mwanawe kutoka Fuoni kwenda skuli ya mjini, au kutoka Micheweni kwenda Wete akakae kwa shangazi yake. Uamuzi mzito huo, na wote umejengwa juu ya tarakimu moja.

Ubora wa skuli, kwa maana wanayoitumia wanaoipima elimu kwa makini, si alama wanazopata wanafunzi wake. Ni kile ambacho skuli imekiongeza kwa mtoto. Alikuwa anajua nini siku alipoingia, anajua nini sasa, na katika tofauti hiyo ni kiasi gani kimetokana na kazi ya walimu wake na si msaada wa nyumbani au twisheni. Kuitamka maana hii ni rahisi, kuipima ni shughuli. Ndiyo maana watu wengi, wakiwemo viongozi wanaogawa zawadi kwa skuli zilizoongoza, huishia kwenye asilimia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Skuli ya mjini inaandikisha watoto 100 wa darasa la kwanza, na 70 kati yao wameshapita maandalizi, yaani chekechea, herufi wanazijua. Skuli ya kijijini nayo inaandikisha 100, ila wanaojua herufi ni 15 tu. Wengine hawakusoma popote kabla ya hapo, isipokuwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Miaka ikipita, ya mjini inapasisha 85 na ya kijijini 60. Gazetini ya kwanza ndiyo bora. Lakini ipi imefanya kazi kubwa zaidi? Huwezi kutoa 70 kwenye 85 ukadai umepata jawabu, kwa sababu kujua herufi na kupasi mtihani wa mwisho ni vitu viwili. Hata hivyo, ukishaziona tarakimu za kuingilia huwezi tena kusema kwa uhakika kwamba walimu wa kijijini ni wavivu.

Hapo ndipo maandalizi yanapoonekana uzito wake. Vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, vilianzishwa vijijini kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi ya maandalizi, wakisomeshwa kwa msaada wa vipindi vya redio. Skuli ya msingi iliyozungukwa na vituo vya namna hiyo hupokea watoto wengine kabisa kuliko ile ambayo mtoto wake anakiona kitabu mara ya kwanza akiwa darasa la kwanza.

Uchaguzi wa wanafunzi nao una athari yake. Kwenye sekondari jambo hili halifichiki. Skuli ya Lumumba ya mjini Unguja ina jina, na jina hilo ni la haki yake, lakini huwapokea waliokwisha chaguliwa kwa alama zao. Skuli inayopokea waliopasi vizuri ikatoa waliopasi vizuri haijaharibu kitu, ila na sisi bado hatujajua imeongeza kiasi gani. Kwenye msingi mchujo hufanyika kimya kimya zaidi. Wazee wenye uwezo wa nauli ya daladala ya kila siku huwapeleka watoto skuli wanayoiamini, na hao ndio wenye uwezo wa kulipia twisheni jioni. Kazi ya mwalimu wa twisheni basi huhesabiwa kwa jina la skuli.

Halafu ziko hila za hesabu. Asilimia ya kupasi huwa ni ya waliokaa kwenye mtihani, si ya walioanza darasa la kwanza. Skuli iliyoandikisha watoto 120, ikawapoteza 40 njiani, kisha ikapasisha 72 kati ya 80 waliobaki, itatangaza asilimia 90. Ukihesabu kwa walioanza ni asilimia 60. Waliohama wamo humo, na kuhama si kosa la skuli. Lakini wamo pia watoro walioachwa wapotee, na pengine dhaifu waliorudishwa darasa wasije wakaiaibisha skuli.

Na skuli ndogo ndogo zina mtihani wao wenyewe. Kisiwani au kijiji cha mbali, watahiniwa wanaweza kuwa 18. Wawili wakikaa kwenye mtihani wakiwa wagonjwa wakaanguka, asilimia inashuka kwa 11. Mwaka ujao wakiingia ndugu wawili wenye akili, inapanda tena. Skuli kama hiyo itakuwa ya kwanza wilayani mwaka huu na ya mwisho mwakani, na mwalimu mkuu ni yule yule, na ubao ni ule ule. Kwa skuli ndogo, matokeo ya mwaka mmoja hayafai hata kujadiliwa. Angalia miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Wataalamu wamelibishania sana hili la nyumbani na skuli. Mwaka 1966 James Coleman wa Marekani alitoa ripoti iliyopima mamia ya maelfu ya wanafunzi, ikaonesha kuwa hali ya familia inaeleza tofauti za matokeo zaidi kuliko majengo na vifaa vya skuli. Wapo waliofahamu kwamba skuli haina kazi, ambavyo sivyo. Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29 wakaona kuwa katika nchi maskini skuli na walimu huwa na uzito zaidi kuliko kwenye nchi tajiri. Matokeo yao nayo yalibishiwa baadaye, lakini kwa mzee wa Pemba hoja yao ina mantiki. Nyumba ambayo haina kitabu zaidi ya Msahafu, mtoto wake atajua kusoma Kiswahili na kufanya hesabu kwa kadiri mwalimu wake alivyomsomesha. Hana pahala pengine.

Majengo je? Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi. Tangu hapo, kwa sehemu kubwa, tabu si kuingia skuli bali kuenea ndani yake. Ndiko ilikotoka mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na ndiyo sababu ya skuli za ghorofa zinazojengwa wakati huu wa Rais Hussein Mwinyi. Mimi sizidharau ghorofa, ila faida yake naiona kwenye muda na nafasi, si kwenye vigae. Piga hesabu. Kipindi cha dakika 40 chenye watoto 80 kinampa kila mtoto nusu dakika ya macho ya mwalimu, hata mwalimu asipopoteza hata sekunde kwa kusema "nyamazeni". Wakiwa 45, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa, kila mmoja anapata sekunde 53. Bado ni kidogo, lakini mwalimu sasa anaweza kupita nyuma ya madawati. Jengo jipya lililojaa watoto 80 kila chumba limebadilisha rangi tu.

Kwa hiyo mzee asiyekuwa na takwimu za kuingilia wala utaalamu wa kuzichambua atapima vipi? Kwa mabuku ya watoto, yaani madaftari yao, na wala haigharimu kitu.

Usichukue la mwanao peke yake. Waombe majirani, upate mabuku matatu ya darasa moja na somo moja, la anayeongoza, la wa katikati na la yule ambaye kila siku anaambiwa hajui. Tazama tarehe kwanza. Somo la Jumatatu, kisha Jumatano, kisha pengo la siku kumi. Pengo likiwa kwenye buku moja, mtoto ndiye hakwenda. Likiwa kwenye matatu yote, aliyekosekana ni mwalimu. Kisha tazama sentensi. Insha ya "Siku ya Idi" ikiwa ni ile ile neno kwa neno kwenye mabuku yote matatu, imenakiliwa ubaoni, hakuna aliyeandika insha. Mwisho tazama wino mwekundu. Alama ya vema juu ya hesabu iliyokosewa inakuambia kuwa mwalimu amepitisha kalamu bila kusoma. Alama ya kosa, na chini yake mtoto ameirudia hesabu ile ile akaipata, basi hapo pana usomeshaji. Masahihisho hayo ukiyakuta kwenye buku la yule wa mwisho, umeipata skuli nzuri, hata kama bati lake linavuja.

Kusoma nako hupimwa nyumbani. Mpe mtoto wa darasa la tatu aya fupi ambayo hajawahi kuiona, ya gazetini au ya kuandika mwenyewe. Usimpe kitabu chake cha skuli. Watoto wetu wamezoea kuhifadhi tangu chuoni, na kuhifadhi ni kipaji cha kujivunia, lakini kinaweza kuficha tatizo. Utamwona anasoma ukurasa kwa sauti tamu, kidole kinafuata mstari, ila kidole kiko nyuma ya sauti. Mdomo umeshafika nukta, kidole bado kiko katikati. Huyo anakumbuka, hasomi. Mpe sentensi mpya uone. Na akishaisoma, muulize imesema nini.

Mahudhurio nayo yana siri zake, kwa sababu yanafuata bahari na mashamba. Vijiji vya mwani kama Paje na Jambiani, bamvua, yaani siku za maji makubwa kujaa na kutoka, likija maji hutoka kweupe asubuhi, yanakuwa chini kabisa karibu na saa nne, muda ambao mtoto wa mkondo wa asubuhi anatakiwa awe dawatini. Mama yuko pwani anavuna, na mdogo mtu anahitaji wa kumwangalia. Pemba msimu wa karafuu ukichanganya, watoto wanaokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na pesa ya mpeta ni pesa ya kweli. Kaskazini wapo wanaofuatana na wazee wao dago, yaani kambi za uvuvi, wakarudi baada ya wiki kadhaa. Skuli mbovu huweka alama ya "hayupo" ikaendelea na silabasi. Skuli yenye ubora inaijua kalenda hiyo vizuri kama wavuvi, haiweki majaribio siku za bamvua, inamtuma mtu nyumbani, na mtoto akirudi yupo wa kumfidia alichokosa. Ukitaka kumpima mwalimu mkuu, muulize wiki gani za mwaka darasa lake la tano huwa tupu, na yeye hufanya nini. Akijibu kwa lawama tu kwamba wazee hawana mwamko, umeshajua.

Kuna suala la lugha pia. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekuwa anaelewa hesabu za sehemu na mzingo kwa Kiswahili alikutana na mambo yale yale kwa maneno mengine, wakati mwengine kutoka kwa mwalimu ambaye Kiingereza chenyewe kinamtoa jasho. Kipimo chake ni chepesi. Muulize mtoto kwa Kiswahili alichojifunza kwenye sayansi leo. Akishindwa kukueleza kwa lugha ya mama yake, usidanganyike na buku lililojaa Kiingereza safi. Wazee wengi husikia Kiingereza wakaridhika, na skuli za kulipia zinalijua hilo vizuri sana.

Nidhamu, sare na usafi wa uwanja nitavipita. Vina umuhimu wake, lakini vinaonekana barabarani na kila mtu keshavipima. Vyoo ndivyo visivyoonekana. Nenda kavitazame, hasa vya wasichana wa madarasa ya juu. Kama havifungiki mlango au havina maji, utajua kwa nini baadhi yao hukosekana siku kadhaa kila mwezi.

Na ukweli ni kwamba shehia nyingi hazina skuli mbili za kuchagulia. Mtoto atasoma hiyo hiyo iliyopo, iwe bora au isiwe. Faida ya kuipima kule ni kujua la kudai kwenye kikao cha kamati ya skuli, ambako mara nyingi mjadala huliwa na matofali na mchango wa uzio. Hapo ombeni tarakimu tatu: walioandikishwa darasa la kwanza mwaka walipoanza hawa waliomaliza sasa, waliofika darasa la saba, na waliopasi. Majina hayahitajiki. Ombeni pia kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida wakaguzi wa elimu waliandika nini walipokuja mara ya mwisho. Mwalimu mkuu anayeweka kumbukumbu zake atalifungua buku la uandikishaji pale pale mezani. Asiyeziweka atakuambieni lipo wilayani, na hapo kamati inaweza kumpangia siku ya kulifuata.