Tembo Mweupe Si Pagala

Siku hizi hapa Tanga, kila jengo lililosimama bila kwisha, kuta zikiota majani na nondo zikiliwa na kutu, huitwa "tembo mweupe". Barazani husemwa hivyo, vikaoni husemwa hivyo, na hata magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, nimesikia yakipewa jina hilo mbele ya wageni. Hapo ndipo nilipoona afadhali jambo hili liandikwe.

Tembo mweupe ni nahau iliyotufikia kutoka Kiingereza, na maana yake ni mali ya fahari ambayo gharama ya kuitunza huzidi faida yake, na ambayo mwenyewe hana njia rahisi ya kuiondoa mikononi mwake. Kwa kuwa ni nahau, haifasiriwi neno kwa neno, kama vile anayesema kwamba fulani amekata kamba asivyozungumzia kamba yoyote.

Asili yake ni Siam, nchi iliyobadili jina na kuitwa Thailand mwaka 1939. Ndovu anayeitwa mweupe huko hana weupe wa chokaa. Ngozi yake ni ya kahawia hafifu inayoelekea uwaridi, na kucha zake pia ni za rangi nyepesi. Alihesabiwa kuwa mtakatifu, akawa mali ya mfalme, wala hakuvutishwa magogo kama ndovu wengine, na heshima yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba picha yake ilikaa katika bendera ya nchi hiyo hadi mwaka 1917. Waingereza wakasimuliana kwamba mfalme wa Siam alipotaka kumwangamiza mkuu fulani wa baraza lake, alimtunukia ndovu wa namna hiyo: kumkataa ni kuuvunjia ufalme heshima, kumuuza haiwezekani, kumtumikisha ni mwiko, na ndovu mzima huweza kula zaidi ya kilo 100 za malisho kwa siku moja, hata mwenye zawadi akafilisika. Kisa hicho hakina ushahidi imara katika historia ya Siam, ambako kupatikana kwa ndovu mweupe kulikuwa baraka; hata hivyo, ndicho kilichoipa nahau maana yake.

(Mimi ningependelea tuseme "ndovu mweupe", kwa sababu huku pwani tembo ni pia kile kinywaji cha mnazi ambacho mgema akisifiwa hukitia maji, lakini "tembo mweupe" imekwisha kuenea, na sitashindana nayo.)

Katika kisa hicho lipo jambo moja linalosahauliwa, nalo ni kwamba ndovu yu hai. Ni mzima, ni mzuri wa kutazamwa, na kila asubuhi anadai chakula. Pagala halidai chochote. Fedha zilizoingia humo zimekwisha kupotea, na mwenye nalo anaweza kuliacha miaka mingi bila kutoa hata senti. Gofu nalo ni jengo lililowahi kutumika likachakaa au kuhamwa, na gofu kama la Tongoni limebaki kuwa ushahidi wa mji na watu wake, kwa hiyo kuliita mzigo ni kulikosea mara mbili. Lugha yetu ina majina haya mawili, yote yanaeleweka na kila fundi wa nyumba, na sioni sababu ya kuyafukia chini ya nahau ya ugenini isiyowahusu.

Tukihitaji mfano unaostahili jina hilo, tufikirie ukumbi mkubwa uliokamilika, wenye vioo na viyoyozi, unaofunguliwa kwa sherehe chache tu katika mwaka, huku mlinzi, umeme na mafundi wakilipwa kila mwezi, na mnunuzi hapatikani. Huo ndio tembo mweupe, ingawa rangi yake bado inang'aa na kila apitaye husimama kuusifu.