Kalamu ya Gavana mkononi mwa Mwalimu

Kila ikifika Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza, ubishi unaanza upya. Hawa wanasema alikuwa mtakatifu, na hawatii chumvi, maana Kanisa Katoliki limekwisha kufungua mchakato wa kumtangaza. Wale wanasema alikuwa dikteta aliyetuachia foleni za sukari na sabuni. Nimeusikiliza ubishi huu tangu nikiwa mwanafunzi, na kila mwaka naona unapita pembeni ya jambo ninalokutana nalo kazini. Mimi ni wakili, na kesi zangu nyingi ni za ardhi. Utawala wa Mwalimu nimeujua zaidi kwa majalada kuliko kwa hotuba.

Miaka kadhaa iliyopita baraza la ardhi lilitoka ofisini kwenda kuona eneo la mgogoro. Mteja wangu, mzee aliyepita miaka themanini, alitutangulia kwa fimbo yake. Tulipita shamba la mahindi la mjibu maombi, yaani kijana tuliyekuwa tukimdai ardhi, tukafika kwenye mstari wa minyaa iliyozeeka. Akasimama. "Hapa ndipo ulipokuwa mlango wa mama," akasema. Mwenyekiti wa baraza alitazama asione kitu. Mzee akapekua majani kwa ncha ya fimbo hadi likatokea jiwe la kusagia, limepasuka vipande viwili, na hatua chache mbele yake fungu la mawe. Lilikuwa kaburi la baba yake. Hayo ndiyo tunayoyaita mahame, na ukizunguka vijijini na mtu wa umri wake atakuonyesha ya kwake.

Alisimulia kwamba mwaka 1974 mgambo walifika asubuhi na lori. Familia ilipewa muda wa kutoa vyombo, kisha paa la nyasi likavutwa chini ili wasirudi. Mtama ulikuwa bado mbichi shambani. Walishushwa kando ya barabara, mahali penye vigingi vilivyopangwa mstari mmoja, wakaambiwa kila kaya ihesabu vigingi vyake. Shamba waliloliacha likagawiwa familia nyingine, nayo imehamishwa kutoka kwake. Kijana tuliyekuwa tunashindana naye ni mjukuu wa familia hiyo. Babu yake hakuiba chochote. Alipelekwa kama alivyopelekwa mteja wangu, na kijana mwenyewe hana shamba jingine.

Ukitaka kujua ilikuwaje serikali iliyochaguliwa na wananchi ikaweza kuwafanyia hivyo wakulima wake bila mtu kuizuia mahakamani, usianzie 1967 kwenye Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa. Anzia 1923. Mwaka huo Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika, iliyotamka kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Gavana. Mwenyeji alilima na kurithisha kwa mila yake, lakini kwa ridhaa ya Gavana. Hakuwa na hati, na cheo cha haki yake mbele ya sheria kilikuwa hafifu.

Mwaka 1961 bendera ilibadilika. Sheria hiyo haikubadilika. Mwaka uliofuata tukawa Jamhuri, na palipoandikwa Gavana pakasomwa Rais.

Nasema hivi nikijua kwamba Mwalimu alikuwa na sababu nzito za kuukumbatia msimamo wa ardhi ya umma. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, wakoloni walitaka kuanzisha umiliki binafsi wa moja kwa moja, ardhi iuzwe na kununuliwa kama bidhaa. Alipinga. Alisema katika nchi ya maskini wachache wenye fedha watainunua yote, na wengi watabaki wapangaji. Mimi ninayewaona watu wakiuza eka zao ili kulipia matibabu siwezi kusema alikosea. Na hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja, ambao ulikuwa mikononi mwa walowezi na makampuni, ulifutwa na kugeuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Mwaka 1965 ikaja sheria ya kuwakomboa watwana wa nyarubanja kule Bukoba, watu waliokuwa wakilima vibanja vya mabwana kizazi baada ya kizazi na kulipa kodi kwa kuishi tu. Anayemwita Mwalimu adui wa mkulima awaulize kwanza wajukuu wa watwana hao.

Lakini kalamu iliyowakomboa watwana ni ileile ya Gavana, na haikuwa na mtu wa kuizuia. Mwenyewe aliwahi kukiri kwamba Katiba ilimpa mamlaka ya kutosha kuwa dikteta. Mwaka 1962 ilipitishwa Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, mtu afungwe bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hiyo pia ilifuata nyayo za Waingereza, waliokuwa na sheria yao ya kuwahamisha watu kwa amri. Watetezi wa Mwalimu husema hakuyatumia mamlaka hayo kama Mobutu au Idi Amin. Ni kweli, na kumweka kundi moja na hao ni kuwakosea hata waliouawa na hao. Ila kipimo hicho ni cha chini mno kwa mtu wa akili na dhamira yake.

Kipindi ninachokirudia sana ni Septemba 1969, ambacho wabishi wengi hawakitaji. Huko Songea, tangu mwanzoni mwa uhuru, vijana wa TANU, chama tawala, walikuwa wameanzisha makazi ya pamoja Litowa, kwa hiari yao. Walilima pamoja, wakajenga shule yao na kuiendesha kwa namna iliyofanana na maisha ya wakulima, wakavuta vijiji jirani hadi vikafika kama 17, chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Huo ndio ujamaa aliokuwa akiuandika Mwalimu, na yeye mwenyewe aliutembelea na kuusifu. Wakubwa wa mkoa hawakuupenda, kwa sababu watu wale walikuwa wakiamua mambo yao bila kungoja maelekezo. Kamati Kuu ya TANU ikakaa, mwenyekiti akiwa Mwalimu, ikakivunja chama kile. Chama tawala kikachukua jukumu la kujenga ujamaa nchi nzima.

Ndiyo maana siukubali utetezi unaosema Mwalimu alikuwa mwema ila waliomzunguka walimharibia. Katika kikao hicho kiti cha mwenyekiti hakikuwa cha mwingine. Alikuwa na ujamaa wa hiari mbele ya macho yake, unaishi na kuzaa matunda, akaruhusu uzimwe kwa sababu haukuwa mikononi mwa chama. Waliobaki kuujenga walikuwa watu wenye mamlaka ya kuamuru, na kuamuru ndiko walikokujua.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Isimani, eneo la wakulima wa mahindi waliojiweza, akamkuta Said Mwamwindi shambani kwake. Kukawa na majibizano, Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha mpaka kituo cha polisi Iringa akajisalimisha. Akahukumiwa kifo na kunyongwa. Nimeshangaa kila mara jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa kwa kuchagua shujaa, mara huyu mara yule. Ninachokiona mimi ni kiongozi msomi aliyetumwa kutekeleza sera kwa mabavu, na mkulima ambaye sheria haikumpa mlango hata mmoja wa kubisha. Wote wawili wakazikwa.

Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Sheria ya vijiji yenyewe ilipitishwa 1975, wakati malori yalikwisha kupita sehemu nyingi. Kwa wakili hapo ndipo penye jeraha. Watu walihamishwa kwanza, sheria ikafuata. Hakuna aliyeandika shamba la nani limepewa nani, kwa mpaka upi, kwa fidia gani.

Najua jibu la upande wa pili, na nalichukua kwa uzito. Shule zilijengwa. Visima vilichimbwa. Zahanati zikafika mahali ambapo mjamzito alikuwa akibebwa kwenye machela siku nzima. Elimu ya watu wazima ilimfikia mama yangu mzazi, akasoma barua yake ya kwanza akiwa na watoto watatu. Sitasahau kamwe alivyokuwa akisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani tulipokuwa safarini. Huduma hizo zilihitaji watu waishi karibu karibu, hilo ni kweli. Lakini Litowa walikusanyika bila lori.

Sasa nirudi mahakamani, kwa sababu ubishi wa urithi wa Mwalimu umeamuliwa huko mara kadhaa bila wananchi wengi kujua.

Kijiji cha Mulbadaw, Hanang, kiliishtaki NAFCO, shirika la umma lililotwaa mashamba kwa ajili ya mradi mkubwa wa ngano. Mahakama Kuu ilikipa kijiji haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi ile kwa taratibu, na wanakijiji mmoja mmoja wengi hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya 1923. Niliposoma hukumu hiyo kwa mara ya kwanza nililazimika kuiweka chini. Miaka 24 baada ya uhuru, Mwalimu bado yuko Ikulu, Mtanzania wa Hanang anatakiwa kuthibitisha wenyeji wake kwa kipimo cha Mwingereza.

Kisha ikaja kesi ya Akonaay. Baba na mwanawe, wa Kambi ya Simba, walishinda kesi ya kurudishiwa ardhi yao ya kimila iliyotwaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa miaka ya 1970. Hawakuwa peke yao. Miaka ya 1980 mamia ya watu walikuwa wameanza kudai mahame yao, hasa kaskazini. Serikali ikaona vijiji vitasambaratika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki zote za kimila kwenye vijiji vilivyoundwa na operesheni, ikakataza fidia, ikafunga kesi zilizokuwa mahakamani na hata kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema hapana. Haki ya kimila ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kinyume cha hapo Watanzania walio wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ilichukua miaka 71 tangu 1923 kusikia maneno hayo kutoka mahakama ya juu kabisa.

Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985 alitufundisha na neno lenyewe, kutoka Kizanaki. Aliondoka kwa hiari wakati wenzake wengi barani walikuwa wakisubiri jeneza au mapinduzi, na heshima hiyo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Alichokiacha mezani ni kalamu. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilizunguka nchi, ikasikiliza vilio vya wananchi, ikapendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatolewe mikononi mwa serikali kuu. Pendekezo hilo halikupita. Sheria za ardhi za 1999, zilizopitishwa mwaka uleule Mwalimu alipofariki London, zinaendelea kumweka Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Kwa hiyo wanaponiambia tumwache Mwalimu apumzike, huwa nawauliza tumwache vipi wakati wafugaji wanahamishwa leo kwa mamlaka yaleyale.

Kesi ya mzee wangu tulishindwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 kwa watu waliohamishiwa vijijini ni halali, na haki za waliokuwepo kabla yao zimekoma. Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba kifungu hicho ni ukuta, akataka twende hivyo hivyo, ili aandikwe.

Siku ya uamuzi nilimsindikiza nyumbani. Sebuleni kwake kuna picha ya Mwalimu, ile ya kuvaa kofia, imefifia rangi. Nilimwuliza kama hana kinyongo. Alikaa kimya kidogo. "Mwanangu," akasema, "huyu alinitoa kwa mtemi. Halafu akanitoa kwa baba yangu. Nikimtoa ukutani nitakuwa nimesahau moja kati ya hayo mawili."

Akaomba tumwandikie barua yule kijana, amruhusu kulizungushia kaburi uzio. Kijana alikubali, na alikwenda mwenyewe kukata miti.